Kabla hujanunua kompyuta mpya, fungua hiyo uliyonayo

Kompyuta nyingi zinazoambiwa zimekufa hapa Unguja hazijafa. Zimezibwa pumzi. Nalisema hili kwa uhakika kwa sababu ndiyo kazi yangu. Nina meza ya ufundi Mkunazini, hatua chache kutoka Darajani, na sehemu kubwa ya mashine ninazoletewa hazina kifaa hata kimoja kilichoungua. Mwenyewe anakuja keshaikatia tamaa. Inawaka kisha inajizima, feni inapiga kelele usiku kucha, kufungua barua moja kunachukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Swali lake la kwanza huwa ni bei ya mpya. Mimi nashika bisibisi, natoa ubavu wa kasha, halafu namwita asogee aone mwenyewe.

Anachokiona ni vumbi. Ndani ya kila kompyuta, juu ya prosesa, kuna bati la kupoza lenye mapezi membamba ya alumini, na juu ya bati hilo kuna feni. Kazi ya feni ni kusukuma hewa ipite katikati ya mapezi na kubeba joto. Vumbi linaponasa pale, nyuzi za nguo hutangulia, nywele zikafuata, kisha unga mwembamba ukajaza matundu yaliyobaki, mpaka unakuwa utando mzito unaoweza kuubandua kwa vidole ukatoka mzima. Feni inazunguka kwa nguvu zake zote lakini hewa haipiti. Prosesa nyingi za nyumbani zimewekewa kikomo cha joto cha karibu nyuzi 100 za Selsiasi. Zikikaribia hapo hujipunguzia kasi zenyewe ili zisiungue, na zikizidi hujizima. Kwa hiyo ule uzito unaoulalamikia, mara nyingi ni mashine inayojiokoa.

Watu hushangaa vumbi lote hilo limetoka wapi, na nyumba inafagiliwa kila asubuhi. Hesabu yake si ngumu. Feni moja ya sentimita 12, za kawaida kabisa, hupitisha zaidi ya mita 60 za ujazo za hewa kwa saa. Vyumba vyetu vya Mji Mkongwe ni vyembamba, maana upana wake umefuata urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari, kiasi cha mita tatu hivi. Chumba cha upana huo chenye urefu wa mita tano na dari ya mita tatu na nusu kina mita za ujazo 53 tu. Kumbe kila saa kompyuta ikiwaka, hewa inayolingana na ya chumba chako chote imepita tumboni mwake, pamoja na kila kilichomo hewani.

Na hewa yetu imebeba mambo. Baada ya miaka mingi kwenye kazi hii, mara nyingi nikifungua mashine naweza kukisia inatoka mtaa gani kabla mwenyewe hajasema. Ya Hurumzi au Kiponda huwa na unga mweupe. Ni chokaa ya kuta. Nyumba za Mji Mkongwe, nyingi zikiwa za karne ya 19, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa ya zamani humomonyoka kidogo kidogo mchana na usiku. Pale mwenye nyumba alipopiga plasta ya saruji juu ya chokaa hali huwa mbaya zaidi. Chokaa inaruhusu unyevu wa ukuta kutoka nje. Saruji inauzuia, chumvi iliyomo kwenye mawe inaganda chini ya rangi, na ukuta unaanza kubambuka kwa mabamba. Wahifadhi wa majengo wamelipigia kelele jambo hili tangu zamani, hata kabla UNESCO haijauorodhesha Mji Mkongwe kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2000. Mimi naliona kwa mlango wangu mwingine, ndani ya kompyuta iliyowekwa mgongo ukutani.

Ya Shangani na nyumba zinazoelekea Forodhani ina utando wa mafuta. Kila jioni pale panachomwa mishikaki na pweza, moshi unapanda madirishani, na mafuta yake yakishatua juu ya feni, vumbi lolote linalopita linanata. Ya Fuoni, Mwanakwerekwe na Tunguu huja nyekundu, rangi ya udongo wa njia za ndani ambazo hazijatiwa lami. Ya Paje na Jambiani, hasa wakati wa kusi, ina mchanga mweupe mwembamba uliochanganyika na chumvi, na mchanga huo husaga mhimili wa feni mpaka ikaanza kulia.

Iko na ile ambayo haina mtaa, na ndiyo iliyo ngumu kuliko zote kusafisha. Ni ya nyumba inayopenda udi. Alkhamisi jioni kuamkia Ijumaa chetezo kinapitishwa vyumba vyote, ubani unawekwa juu ya makaa, na nyumba inanukia. Mimi mwenyewe nyumbani kwangu hatuachi. Lakini utomvu ule unapoungua, moshi wake unabeba chembe za masizi zenye kunata, na kompyuta iliyoachwa inawaka inauvuta wote. Hiyo haitoki kwa kupuliza. Inataka brashi, spiriti na subira. Dawa yake ni rahisi: zima kompyuta kabla ya kuwasha chetezo, na uiwashe moshi ukishatoka dirishani.

Niliyaona masizi ya aina nyingine mwaka 2010. Wasomaji watakumbuka umeme kutoka Bara ulivyokatika Unguja nzima kwa takriban mwezi mmoja mwaka 2008, kisha ukakatika tena kuanzia Disemba 2009 kwa miezi mitatu. Maduka yaliishi kwa jenereta, zimepangwa barazani na vichochoroni, moshi unaingia ndani. Umeme uliporudi, mashine za maduka zilizoletwa mezani kwangu zilikuwa nyeusi ndani. Zilizosafishwa wakati ule ziliendelea na kazi. Zilizoachwa zilirudi baada ya mvua na bodi zao zimeliwa na kutu.

Hapo kwenye mvua na kutu ndipo ninapotaka msomaji atulie, maana ndipo kisiwa chetu kinapotofautiana na miji ya bara. Maelekezo mengi ya kutunza kompyuta yameandikwa na watu wa nchi kavu na za baridi. Kwao vumbi ni tatizo la joto tu. Kwetu vumbi lina chumvi ya bahari, na chumvi ina tabia moja: unyevu wa hewa ukivuka asilimia 75, inaanza kunyonya maji kutoka hewani mpaka inayeyuka. Hewa ya Unguja mara nyingi iko kwenye asilimia 80 au zaidi. Maana yake vumbi lililotua juu ya bodi ya kompyuta yako halikai kavu. Linageuka tope jembamba lisiloonekana kwa macho, tope la chumvi, linalopitisha umeme na kula shaba. Ukiona rangi ya kijani kwenye miguu ya vifaa au ndani ya soketi za waya, kazi hiyo imeshaanza.

Kwa sababu hiyo nasema usafi wa kompyuta hapa ufuate majira yetu, usingoje mashine ilie. Mara ya kwanza ni mwisho wa kaskazi, kabla masika hayajaingia. Mara ya pili ni mwisho wa kipupwe, kabla ya vuli. Lengo ni moja, chumvi isiwemo ndani mvua inapokuja. Aliyejenga Fuoni mbali na bahari mara mbili zinamtosha. Mwenye dirisha linaloangalia bahari Shangani, au nyumba ya wageni Nungwi, aongeze mbili nyingine.

Nikitoa ushauri huu watu hunijibu kwamba wanafunika. Wanafunika kweli, na hapo pana shida. Bibi mmoja wa Malindi aliniletea kompyuta ya wajukuu zake imejizima mara kadhaa kwa siku. Nilipokwenda kuirudisha nikakuta juu ya meza kitambaa kizuri cha kufuma, cheupe, kimeshonwa maua pembeni, kama vile tunavyofunika redio na televisheni.

"Shikamoo bibi. Hiki ndicho kinachofunika mashine?"

"Marahaba mwanangu. Nimekifuma mwenyewe. Nakifunika isiingie vumbi."

"Hata ikiwa inawaka?"

"Wakati wote. Vumbi halina saa."

Nikamwomba aweke kiganja mgongoni mwa kasha, pale hewa inapotokea. Niliiwasha, tukangoja, kisha nikakitandika kitambaa mpaka kikaning'inia nyuma. Baada ya muda akautoa mkono mwenyewe. Tukakubaliana kitambaa kirudi mashine ikishazimwa na kupoa, na asubuhi kivuliwe kwanza kabla ya mtu kubonyeza swichi. Haijarudi mezani kwangu. Nailoni wanazofunikia kompyuta za skuli ni mbaya zaidi kuliko kitambaa cha bibi, maana nailoni haipitishi hewa hata chembe na inafungia unyevu ndani.

Kusafisha kwenyewe hakuhitaji mtaalamu, na sioni fahari kwa fundi kulifanya siri. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie kidogo ili umeme uliobaki umalizike. Itoe nje, barazani au uani, usifanye kazi hii chumbani ukarudisha vumbi lile lile hewani. Shika chuma kitupu cha kasha kwanza, mkono wako uache umeme wake wa msuguano. Unyevu wetu unatusaidia kwa hilo, lakini ni tabia njema. Vifaa ni brashi mpya ya kupakia rangi, ya inchi moja, yenye nywele laini, na kitambaa cha pamba. Piga vumbi kwa brashi kutoka juu kwenda chini. Feni ishikilie kwa kidole wakati unapoisafisha. Isizunguke. Ikizungushwa kwa nguvu ya hewa huharibika mhimili, na mota yake hugeuka kuzalisha umeme unaorudi kwenye bodi.

Usipulize kwa mdomo, mate yataingia. Wala usiipeleke kwa kijana wa kujaza upepo matairi. Nimeyaona matokeo. Hewa ya kompresa ya gereji ina maji na mafuta ndani yake, na presha yake inang'oa vifaa vidogo. Kipulizio cha mkono cha mpira kinatosha, na kwa mwenye uwezo kuna vipulizio vya umeme.

Kuna kisanduku kimoja ambacho nakuomba usikifungue kabisa, cha saplai, kile kinachoingia waya wa umeme. Umeme wetu ni wa volti 230, na kapasita za ndani ya kisanduku hicho hujaa zaidi ya volti 300 na kuzishikilia hata baada ya kuchomoa. Pitisha brashi kwenye matundu yake kwa nje, basi. Humo ndimo mende na mijusi wanamofuata joto, na mjusi akigusa pahala pabaya mashine inazimika naye. Kikihitaji kufunguliwa, hiyo ni kazi ya fundi. Na bati la kupoza usiling'oe juu ya prosesa kama huna grisi mpya ya kupaka, maana ile ya zamani ikishabanduka haishiki tena.

Laptopu ina matundu madogo na feni nyembamba, kwa hiyo huziba upesi zaidi. Adui yake mkubwa ninayemkuta ni kitanda. Watu huiweka juu ya godoro au mto, na mito yetu mingi bado ni ya sufi. Sufi inapenyeza nyuzi zake kwenye foronya, feni inazivuta, zinajisokota kwenye mhimili mpaka feni inakwama. Iweke juu ya meza au hata ubao.

Vilivyobaki havina mengi. Kibodi ipinduliwe, igongwe mgongoni taratibu, kisha brashi ipite kati ya vitufe. Makombo ya mkate yanaita sisimizi. Skrini ifutwe ikiwa imezimwa, kwa kitambaa laini kilicholoweshwa kidogo maji safi na kukamuliwa, usipulizie chochote moja kwa moja juu yake, na spiriti isiiguse. Printa inayovuta karatasi mbili mbili au isiyovuta kabisa, mara nyingi roda zake za mpira zimejaa unga wa karatasi: kitambaa chenye unyevu wa maji kinazirudisha kazini. Rauta na spika zipewe brashi siku hiyo hiyo. Tundu la chaji la simu, ambalo watu hudhani limelegea, kwa kawaida limejaa nyuzi za mfuko wa kanzu au mkoba, na kijiti cha meno cha mbao kikitumika pole pole, simu ikiwa imezimwa, kinazitoa.

Na kasha lisikae sakafuni. Tunafagia kwa fagio la chelewa, vumbi linapanda kiasi cha goti, na pale chini ndipo feni inapovutia. Linyanyue juu ya kibao au stuli, uliache na nafasi kutoka ukutani. Mashine izimwe wakati wa kufagia.

Sasa naomba niseme na wakubwa. Ofisi nyingi hapa zina fungu la kununua kompyuta na hazina fungu la kuzisafisha. Mwenye kufagia anafagia chumba, dereva anasafisha gari, lakini hakuna mtu ambaye kwenye karatasi za kazi yake imeandikwa kwamba vumbi la kompyuta linamhusu. Ofisi moja iliniita kutazama mashine zilizorundikwa chini ya ngazi zikingoja kuandikwa kuwa ni chakavu. Nyingi hazikuwa na ugonjwa wowote zaidi ya vumbi, na tulipozisafisha ziliwaka. Lakini mpya zilikwishaagizwa, fedha zimekwishatoka. Fedha hizo ni za wananchi. Fundi mmoja, brashi, spiriti na siku chache kwa mwaka ni gharama ndogo mno ukiilinganisha na kontena la mashine mpya.

Skuli nazo zinaniuma, kwa sababu kule kompyuta moja hutumiwa na wanafunzi wengi kwa zamu, na ikizimika hakuna ya kuziba nafasi. Nimeingia kwenye vyumba vya kompyuta ambavyo maalim anakataza watoto wasiguse hata kasha kwa nje. Naelewa hofu yake, vifaa ameandikiwa yeye. Lakini mtoto anayefundishwa kuandika barua kwenye kompyuta na asiijue feni yake amefundishwa nusu. Wapeni brashi, maalim. Wafungue mashine moja mbovu kwanza, wajue bati la kupoza ni lipi na saplai ni ipi, kisha wawe ndio wenye kazi hiyo kila mwisho wa kaskazi. Mafundi wa mjini tukiitwa kuja kuwaonyesha, wengi wetu tutakuja.

Kwa mafundi wenzangu nina neno moja. Mteja akileta mashine iliyojaa vumbi, mfungulie mbele yake, mwonyeshe, mwambie bei ya kusafisha. Kumuuzia kifaa ambacho hakihitaji ni dhuluma, na mji wetu ni mdogo.

Wala hizi mashine tunazozitupa haziendi mbali. Kisiwa hakina mahali pa kuficha taka. Nyingi zinaishia jaa la Kibele, na zilizobaki huvunjwavunjwa mitaani kutafutwa shaba, waya zikachomwa moto watoto wakivuta ule moshi. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme, na zilizothibitika kukusanywa na kurejelewa ipasavyo hazikufika hata robo. Sisi hatuna kiwanda cha kuzichakata. Kila kompyuta inayoongezewa miaka miwili kwa brashi ni kompyuta ambayo haijafika Kibele.

Kila kaskazi inapomalizika, masika huwa mlangoni. Tafuta Jumamosi moja kabla mvua hazijaanza, toa kompyuta yako barazani, ifungue, usafishe. Ukiogopa, ipeleke kwa fundi wa mtaani kwako, na mwambie aifungue wewe umesimama hapo hapo.